Buti za Harlan

Naapa kwa goti langu la chuma kwamba haya yote ni kweli tupu. Sijaongeza chumvi wala sijapunguza maji. Wenye habari wako hai na magari yao yanaonekana kutoka hapa nilipokaa. Kama nimewasingizia hata neno moja, waje wanidai, nami nitalipa bila kubisha.

Basi. Marlys alikuwa na mume asiyekuwapo.

Sisemi marehemu. Marehemu alikuwa mwingine, na tumwache apumzike. Huyu alikuwa mume wa kutungwa, jina lake Harlan, na kila mwanamke anayezunguka nchi hii peke yake na kulala ndani ya gari-nyumba ana wa kwake. Wangu mimi ni askari jela mstaafu mwenye hasira za karibu. Harlan alikuwa mtu wa kulala mchana na kuchukia wageni. Vitu vyake vilikaa nje ya mlango, pale jangwani: kiti cha pili cha kukunja, bakuli la mbwa pana kama beseni ilhali mbwa hakuna, na juu ya ngazi, buti za kiume za ngozi ya kahawia, kubwa kama mitumbwi, ambazo Marlys alizinunua kwenye duka la mitumba la kanisa. Alizipaka matope kwa mkono wake ili zionekane zimetoka kazini. Mtu akigonga, Marlys hakimbilii kitasa. Hugeukia ndani kwanza na kupaza sauti, "Harlan! Amka, kuna mtu!" Ndani hakuna wa kuamka ila paka mzee, Pilgrim, naye ni kiziwi.

Majira yale ya baridi tulikuwa kwenye ardhi ya serikali kusini mwa Arizona, juu kidogo ya korongo kavu. Tuliegesha kama kawaida yetu: karibu kiasi cha kusikiana ukelele, mbali kiasi cha kutosikiana mkoromo. Jua likianza kuzama, kila mmoja alibeba kiti chake na kikombe chake tukaenda kuuzunguka moto, na magari yote yakabaki matupu nyuma yetu.

Jioni moja Marlys alirudi kutoka motoni mbingu ikiwa bado na wekundu. Alipofika kwenye ngazi yake akasimama. Buti za Harlan huziweka vidole vikitazama nje, kama za mtu anayejiandaa kutoka. Sasa vidole vilitazama mlango. Kama za mtu aliyeingia.

Alisikiliza. Hakuna kitu kilichosogea ndani. Na mdomo wake, wenyewe, bila kuamrishwa, ukaita kwa sauti ndogo ambayo hajawahi kuitumia kwenye maigizo yale:

"Harlan?"

Akainama, akatia mkono ndani ya buti ya kulia.

Ilikuwa ya moto.

*

Asubuhi alinijia akiwa na koti juu ya nguo za kulalia.

"Arvilla, njoo uone. Na funga mdomo, kama unajua jinsi ya kuufunga."

Tuliinama wote wawili, mimi kwa kulalamikiwa na goti. Ardhi ya pale ni ngumu, imeganda kama ukoko wa wali. Mguu mwepesi haiutambui. Lakini visigino vya buti zile vilikuwa na vyuma, na vyuma vilikuwa vimeukata ukoko. Nyayo zilianzia kwenye ngazi ya Marlys. Zikaenda hatua ndefu ndefu mpaka ukingo wa korongo, zikapotelea kwenye mawe. Kisha zikatoka kwenye mawe, zikarudi mpaka kwenye ngazi. Basi. Hapakuwa na alama nyingine ya mtu aliyekuja wala ya mtu aliyeondoka.

"Umezivaa mwenyewe," nikasema.

"Mimi? Mguu wangu humo ni panya kwenye sufuria."

"Basi kuna mtu kazivaa."

"Alikuja vipi? Aliteremshwa kwa kamba?"

"Nenda mjini ukaripoti."

Marlys akatazama pembeni. "Nikiripoti, Curtis atajua."

Curtis ni mwanawe. Walikuwa na mapatano, au tuseme Curtis alikuwa na mapatano na Marlys alikuwa nayo kama mtu aliye na homa. Kila Jumapili anampigia mama yake simu, na siku mama atakaposema limetokea jambo baya, hata moja, anarudi mjini kukaa kwao. Chumba kipo tayari juu ya gereji. Kwenye friji ametengewa rafu, na mkwe ameshabandika kikaratasi chenye neno MAMA ili watoto wasichanganye jibini. Paka haruhusiwi. Zulia ni jipya.

"Atakuwa mzaha wa mtu," nikasema.

"Mzaha haupashi kiatu moto, Arvilla."

Jioni iliyofuata buti zilienda tena. Na iliyofuata. Marlys akazihamishia chini ya gari. Akazikuta juu ya ngazi, zimepangwa vizuri, vidole vikitazama mlango. Akaanza kuwahi kurudi kutoka motoni, akiacha chai yake nusu. Mchana tulimwona ameketi mlangoni, mikono mapajani, akizitazama buti kama unavyomtazama mgeni aliyekataa kutaja jina. Pilgrim, ambaye hasikii kitu, alikuwa akilala chali mbele ya mlango kila jioni; sasa akahamia juu ya kabati na hakutaka kushuka.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipojitia kati.

Motoni mtu aliuliza kwa nini Marlys amekonda. Nami nikaweka kikombe chini, nikashusha sauti, nikawaambia habari za mchimba madini. Kwamba kule juu kilimani kuna shimo la zamani la fedha, na ndani yake alifia mtu ambaye wenzake walimvua buti kabla hajapoa. Kwamba kaburi lake nimeliona, na jiwe lake nimelisoma kwa macho yangu. Kwamba jua likizama hutoka kutafuta viatu, na akipata jozi, huijaribu.

"Na ikimtosha?" aliuliza Marlys. Alikuwa amesimama nyuma yetu, hatukumsikia akija.

"Ikimtosha," nikasema, kwa kuwa maneno yalishafika ulimini na sijui kuyameza, "anahamia."

"Anahamia wapi?"

"Kwa mwenye buti. Ameshaona kiti chake kipo."

Wenzangu walicheka, mmoja akanirushia ganda la karanga. Marlys hakucheka. Alikunja kiti chake, akaenda zake, na tukaona taa ya simu yake ikiwaka ndani ya gari.

"Mama?" Curtis alisema. "Leo si Jumapili."

"Najua."

"Limetokea nini?"

"Njoo unichukue."

Hakuuliza zaidi. Alifurahi, na alijitahidi kuficha, na ile furaha iliyofichwa ndiyo iliyomchoma mama yake kuliko yote. Kwa nyuma Marlys alimsikia akimwambia mkewe, "Amekubali!" kama mtu aliyenasa panya. Akasema angekuja Jumamosi mchana pamoja na mtu ambaye tayari alikuwa anataka kulinunua gari.

"Tayari?" Marlys akauliza.

"Nilikuwa nimeulizauliza tu, Mama. Tangu kiangazi."

*

Ijumaa alifunga mizigo. Mizigo ya mtu anayeishi kwenye gari ni michache mno, na hilo nalo ni aibu: maisha yako yote yanaingia kwenye maboksi ya ndizi na bado kuna nafasi. Alinigawia sufuria yake nzito. Sikuweza kuikataa wala kuishukuru.

"Nani atamchukua Pilgrim?" nikamuuliza.

"Usiniulize hilo leo."

Jua lilipoanza kushuka, wenzetu wakaenda motoni. Marlys akanishika mkono. "Kaa na mimi. Kama ninafukuzwa, nataka nimwone anayenifukuza."

Tukaketi ndani, taa zimezimwa, tukitazama kwenye upenyo wa pazia. Upepo ulikuwa umekufa. Midungusi mirefu ilisimama nje imeinua mikono kama watu walioambiwa wasisogee. Mwanga ukawa wa shaba, kisha wa zambarau, na mimi niliyemzua yule maiti wa mgodini kwa kinywa changu nikaanza kumwogopa.

Kisha ngazi ililia.

Kitu kilikuwa kimekaa pale kwenye ngazi, mgongo kwetu, karibu kiasi kwamba ningeweza kukigusa nywele kama kioo kisingekuwapo. Kikapumua. Kikafanya kazi fulani chini kwa muda. Halafu kikainuka, na kilipoinuka kikawa kirefu zaidi, mabega yakapanuka, kichwa kikarudi nyuma. Kikatema mate pembeni. Kikaondoka kwa hatua nzito za mwanamume, chuma kikikata ardhi: kwa, kwa, kwa, kuelekea korongoni.

"Yesu wangu," nikasema.

Marlys alikuwa ameshafungua mlango.

Nilimfuata kwa sababu kubaki peke yangu kulitisha zaidi. Tukashuka kwenye mawe tukishikana mikono kama watoto wa chekechea. Kona ya korongo ilipopinda tukaona gari dogo la rangi ya fedha, gari la kawaida la kwenda kazini, madirisha yamezibwa kwa maboksi kutoka ndani. Yule mtu alikuwa analizunguka. Alilizunguka mara nyingi, akikanyaga kwa nguvu, akihakikisha kila unyayo umezama. Halafu akasimama kwenye mlango wa dereva, akazungumza kwa sauti nzito ya kifuani:

"Funga milango, mke wangu. Lala. Niko hapa nje. Nani atathubutu?"

Na sauti nyingine, nyembamba, ikajibu kutoka kinywa kilekile:

"Haya, baba. Asante."

Nywele zilinisimama, nami sina nyingi. Marlys alikanyaga jiwe, jiwe likaporomoka.

"Nani huyo?" ilinguruma sauti nzito. "Nina bunduki!"

"Huna," akasema Marlys. "Una buti zangu."

Yule mtu akakaa chini palepale, kama mzigo uliokatwa kamba. Alikuwa mwanamke. Wa umri wetu, mnene kidogo, koti la kiume limefungwa kwa mkanda wa suruali. Akaanza kufungua kamba za buti. Ndani miguu yake ilikuwa imeviringishwa taulo ili ijae.

"Nilikuwa nazirudisha," akasema. "Dada, kila siku nilikuwa nazirudisha. Nilikuwa nakuja na soksi nisichafue. Sikuiba."

"Unaitwa nani?"

"Yolanda."

"Yolanda, uko hapa korongoni tangu lini?"

"Tangu kabla hamjawasha moto wa kwanza. Kuna gari la kubeba mizigo hupita barabarani jioni, taratibu, linamulika taa. Nikaona bora kuwe na nyayo." Akavuta pua. "Mwambie mumeo anisamehe. Kila nikizichukua nilikuwa namwomba radhi kupitia mlango. Nilijua yumo ndani anasikia. Nilikuwa naziacha zikitazama mlango ili akiamka azivae upesi."

Marlys akachuchumaa mbele yake.

"Ulikuwa unamwogopa Harlan?"

"Sana. Ndiyo maana niliziamini buti zake."

Nikaona uso wa Marlys unafanya kitu ambacho sikukijua kama ni kicheko au kilio. Nadhani na uso wenyewe haukujua.

"Kwa nini hukuja motoni, shoga? Moshi si ulikuwa unauona?"

Yolanda akalitazama gari lake. "Nyinyi mna magari-nyumba. Mna mapazia, mna majiko. Mimi nikija ningekalia nini? Matairi?"

*

Jumamosi Curtis alifika na shati la kupigwa pasi, nyuma yake mnunuzi akiwa na futi ya kupimia. Mnunuzi hakumsalimia Marlys, alisalimia gari. Aliingia na viatu vyake, akafungua makabati, akanusa godoro, akauliza, "Harufu hii ni ya paka?" Curtis akajibu, "Itatoka." Marlys alikuwa amesimama nje kwenye jua, akingoja kuruhusiwa kuingia kwake.

"Curtis," akasema, "mwambie huyu bwana ashuke. Siuzi."

"Mama, uliniita mwenyewe."

"Niliogopa. Sasa siogopi. Alikuwa ni mwanamke tu, jirani yangu, aliazima viatu."

Akamweleza. Curtis alisikiliza, akapangusa shingo. "Kwa hiyo kuna mtu anakuja mlangoni kwako jioni anachukua vitu. Nampigia polisi."

"Ukimpigia polisi watamfukuza, atalala kando ya barabara kuu."

"Hilo si letu! Mama, sikiliza unachosema. Amevaa viatu vya mtu asiyekuwapo ili aonekane mtu asiyekuwapo. Na wewe unakula chakula cha jioni na mtu huyohuyo asiyekuwapo. Unaona haya ni maisha?"

Lile lilimpata. Nililiona likimpata, maana alishika ukingo wa mlango.

"Ukianguka humo ndani," Curtis aliendelea, sasa kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi, "nani atajua? Paka kiziwi?"

Marlys akachukua ufunguo wa gari uliokuwa umening'inia shingoni mwake. Sisi sote tunalala nao. Una kitufe chekundu, na ukikibonyeza gari linapiga pembe na kuwaka taa zote kama limechinjwa. Akakibonyeza.

Ndugu zangu, mlitakiwa muwepo! Jangwa zima liliinuka. Wanawake arobaini walitokea kila upande, wenye vikaango, wenye makopo ya pilipili ya kupulizia dubu, mmoja na ndoano ya kuvulia samaki, wakipiga ukelele ambao ulimfanya mnunuzi aruke dirishani na kuacha kiatu. Na mbele ya wote alikuwa Yolanda. Alitoka korongoni, mbali kuliko sisi wote, akikimbia na soksi juu ya kokoto na miiba, spana ya magurudumu imeinuliwa juu ya kichwa.

"Yuko wapi?" alikuwa akipiga kelele. "Dada Marlys! Yuko wapi?"

Alisimama mbele ya Curtis, akihema, akasogea hadi akawa katikati yake na mama yake. Soksi zilikuwa zimelowa damu. Hakumjua Curtis ni nani. Alimwona tu mwanamume mkubwa kwenye mlango wa mwanamke.

"Huyu ni mwanangu," Marlys akamwambia. "Shusha, shoga. Ni mwanangu."

Yolanda akashusha spana. "Samahani, baba," akamwambia Curtis. "Una sura ya mtu aliyekasirika."

Curtis alikaa kwenye kiti cha Harlan. Akaitazama miguu ya Yolanda. Kisha akaingia kwenye gari lake, akarudi na sanduku la huduma ya kwanza, akapiga magoti na kuanza kung'oa miiba kwa kibanio, mmoja mmoja, Yolanda akimtukana kila mmoja unapotoka.

"Nilishapaka rangi chumba," akasema bila kuinua kichwa.

"Nitakuja sikukuu," akasema Marlys. "Na paka."

"Zulia, Mama."

"Basi njoo wewe huku."

Mnunuzi alikuwa anapiga honi. Curtis akamaliza mguu wa kushoto, akaanza wa kulia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Gari dogo la fedha sasa limeegeshwa kati ya la Marlys na langu, na Yolanda ana kiti motoni. Na mimi ninaendelea kusema kwamba buti zile, siku moja moja, hata zikiwa zimefungwa kabatini—

*

"Arobaini?"

Marlys amesimama nyuma ya bega langu; sijui tangu lini. Anasoma.

"Nilikadiria," nikamwambia.

"Tulikuwa watano na Yolanda, na mmoja alichelewa kwa sababu alikuwa anatafuta meno yake. Na mnunuzi alitoka mlangoni, tena na viatu vyote. Yolanda! Njoo usikie uongo."

Yolanda akaja akichechemea, mkate wa mahindi mkononi.

"Hayo ni mapambo," nikasema. "Kiini ni kweli."

"Kiini? Na yule mchimba madini wako? Mimi na Yolanda tumepanda kilimani leo asubuhi. Hakuna shimo. Hakuna kaburi. Jiwe ulilolisoma liko wapi?"

"Kuna choo cha watalii," akasema Yolanda. "Kimeandikwa 'Funga mlango.' Labda ndicho alichosoma."

"Marlys, mpenzi—"

"Kwa ajili ya maiti yako nilimpigia mwanangu simu. Nilikaribia kwenda kuishi kwenye rafu ya friji. Umeandika hapo juu kwamba utalipa bila kubisha. Ni mwandiko wako huu, au pia ni wa mchimba madini?"

Sikuwa na pa kutokea. Nikadhani watanidai pai. Wakanong'onezana, wakacheka, wakanidai sauti yangu. Miaka ya kuendesha basi la shule na kuwafokea watoto wa watu imeifanya nene kama ya padri. Hukumu ni kwamba kila jioni, kabla ya moto, nilizunguke kila gari nikikohoa kikohozi cha mwanamume, nikisafisha koo, nikilalamika juu ya chakula, mpaka msimu uishe.

"Kwangu ukohoe mara mbili," Yolanda akaomba. Hakuwa anatania.

Ndiyo kazi niliyokuwa nayo jana, jua likizama, goti linauma, nimevaa koti la Yolanda na kofia yangu imeshuka machoni. Lile gari la kubeba mizigo likaja barabarani taratibu, likasimama. Taa zake zikanitafuta, zikanipata. Kioo kikashuka.

"Wewe nani?" ikauliza sauti ya kiume.

Nikakohoa kutoka tumboni.

"Mume," nikasema.

"Wa nani?"

"Wa wote."

Kioo kikapanda. Kisha gari likarudi nyuma, likageuza, likaenda. Nikasimama pale mpaka taa zake zilipopotea, halafu nikaenda kukohoa kwa Yolanda, mara ya pili.